Jasho Mbele ya Televisheni

Tangu zamani mwanadamu amekuwa akitafuta njia ya kuupunguzia mwili wake kazi. Alipochoka kubeba mzigo kichwani alimtwika punda. Alipochoka kwenda kwa mwendo wa punda alipanda gari. Na alipochoka kwenda kutazama mambo yaliyo mbali na nyumbani kwake, alitengeneza televisheni ili mambo hayo yamfuate kitini. Kila hatua ya safari hiyo ilisifiwa, na ilistahili sifa. Lakini mwili nao una hesabu yake. Misuli isiyotumiwa hulegea, moyo usioharakishwa huzoea uvivu, na chakula kisichotumika huwekwa akiba mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo, katika muda wa miaka mia moja hivi iliyopita, limetokea jambo la ajabu kidogo: mtu yule yule aliyetengeneza vyombo vya kumketisha ameanza kutengeneza vyombo vya kumwondoa kitini.

Insha hii yahusu kimoja katika vyombo hivyo, nacho ni mchezo wa video. Wazazi wengi hudhani kwamba mchezo huo hauna kazi nyingine ila kumkalisha mtoto mbele ya kioo mpaka macho yawe mekundu. Dhana hiyo si ya bure, lakini si habari nzima. Kwa muda wa miaka zaidi ya 40 wahandisi wa Japani na Marekani wamejaribu kuugeuza mchezo wa video kuwa mazoezi ya mwili, yafanywayo nyumbani, bila uwanja na bila mwalimu. Mara chache wamefaulu, mara nyingi wameshindwa, na karibu katika kila jaribio wamekutana na mpinzani yule yule, ambaye nitamtaja tukifika mahali pake.

Kabla ya michezo hiyo, sauti na picha zilikwisha kutumiwa kwa kazi ya namna hii. Mwaka wa 1928 redio ya Japani ilianza kutangaza mazoezi ya viungo yaliyofuatana na muziki. Yalikatizwa baada ya Vita Kuu ya Pili, yakarudi hewani katika sura mpya mwaka wa 1951, na hata leo wako Wajapani wanaoianza siku yao kwa kuyafuata. Katika miaka hiyo ya 1950 Jack LaLanne alianza kufundisha mazoezi kwa televisheni huko Marekani, na mwaka wa 1982 mwigizaji Jane Fonda alitoa kaseti ya video ya mazoezi iliyonunuliwa kwa wingi mno. Yote hayo yalikuwa mafunzo mema, ila yalikuwa na upungufu mmoja. Redio haikuwa na njia ya kujua kama msikilizaji anapinda kiuno au amelala kitandani na kikombe cha chai. Mchezo wa video ulikuwa tofauti, kwa sababu wenyewe hujibu. Ukitenda, hutenda, usipotenda, hukungoja, au hukuhesabia kwamba umeshindwa.

Lakini mwanzo wake haukuwa na jasho hata tone. Mwaka wa 1958 mwanafizikia William Higinbotham, aliyefanya kazi katika maabara ya Brookhaven katika jimbo la New York, aliwatengenezea wageni wa maabara mchezo wa tenisi uliochezwa kwa nukta ya nuru juu ya kioo kidogo cha chombo cha kupimia umeme. Mchezaji alizungusha kishikio kimoja na kubonyeza kitufe kimoja. Mwaka wa 1972 kampuni ya Atari ilitoa Pong, mchezo wa kupigiana mpira mfano wa tenisi ya mezani, na mwaka huo huo kampuni ya Magnavox ikauza Odyssey, mtambo wa kwanza wa michezo ya video wa kuungwa na televisheni ya nyumbani. Msomaji na aangalie jambo hili. Tenisi ni mchezo wa kukimbia, kupinda kiuno, kunyoosha bega na kutweta. Katika kioo lilibaki jina lake na mpira wake. Mbio zote alipewa mpira, na mtu akaachiwa kidole gumba.

Miaka 10 ilipopita, wengine walianza kuona kwamba kidole gumba hakitoshi. Mwaka wa 1982 kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Amiga iliuza ubao wa plastiki kwa jina la Joyboard. Mchezaji alisimama juu yake, akaegemea mbele, nyuma, kulia au kushoto, na mtu wa katika kioo akateleza juu ya theluji kwa kuufuata mwegemeo huo. Ubao haukupata wanunuzi wengi. Husimuliwa kwamba wahandisi wa kampuni ile walipochoshwa na kazi waliugeuza kuwa kiti: waliketi juu yake, wakashindana ni nani awezaye kutulia asiutikise hata kidogo. Chombo kilichozaliwa kumtikisa mtu kikawa chombo cha kumfunza kutulia kama mtawa! Mzaha huo ukaacha alama yake katika kompyuta za Amiga zilizofuata, kwa kuwa maneno yaliyotokea kiooni kompyuta iliposhindwa kabisa kufanya kazi yalitaja kutafakari kwa watawa.

Katika siku hizo hizo Atari walikuwa wakiunda baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, iliyoungwa na mchezo wa video, waliiita Puffer. Haikufika dukani. Mwaka wa 1983 biashara ya michezo ya video ilianguka vibaya huko Marekani, na baiskeli ile ikaanguka pamoja nayo.

Jaribio lililofuata ndilo lililo na mafunzo mengi zaidi, nalo lilitoka Japani. Mwaka wa 1986 kampuni ya Bandai ilitengeneza mkeka wa kutandikwa sakafuni mbele ya televisheni na kuungwa na mtambo wa Nintendo. Miaka 2 baadaye Nintendo wenyewe wakauza mkeka huo Marekani kwa jina la Power Pad. Ndani yake mlikuwa na vitufe 12 vya kukanyagwa. Mtoto alikimbia mahali pamoja juu ya mkeka, na kadiri alivyoongeza kasi ya miguu ndivyo mkimbiaji wa kiooni alivyoongeza kasi. Aliruka viunzi, akaruka masafa, akashindana na ndugu yake. Kwa mara ya kwanza mchezo wa video ulidai kifua kipande na kushuka.

Hapo ndipo alipojitokeza mpinzani niliyemtaja. Watoto waligundua upesi kwamba mkeka hauna macho. Haujui kutofautisha mguu na mkono. Basi walipiga magoti, wakaupiga mkeka kwa viganja kama wapiga ngoma, na mkimbiaji wa kiooni akaenda mbio zisizo na kifani. Katika kuruka masafa mtambo ulipima muda ambao mkeka haukukanyagwa. Mtoto mwerevu aliruka, akatua kando, akasimama starehe juu ya sakafu, kisha akarudi mkekani kwa wakati wake, naye akahesabiwa kuwa ameruka kuliko mwanariadha yeyote duniani. Mpinzani, basi, ni akili ya mchezaji mwenyewe. Mchezo humtaka ashinde. Mazoezi humtaka achoke. Mambo hayo mawili yakigombana, mtu hutafuta ushindi kwanza, na nguvu zake huzitunza.

Tusiwacheke watoto wale. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alituamuru tuuzunguke uwanja mara 5 kila alfajiri. Sitasema ni wangapi kati yetu waliokuwa wakijificha nyuma ya jiko katika mizunguko ya kati na kujiunga na wenzao katika ule wa mwisho, wakitweta kwa ustadi mkubwa. Nitasema tu kwamba nayajua vizuri mambo ya nyuma ya jiko lile. Na kuna jambo jingine la kuchekesha kuhusu mkeka. Mojawapo ya michezo yake iliyouzwa Marekani, Stadium Events, ilibaki michache sana, na mwaka wa 2010 nakala moja ambayo haikupata kufunguliwa ilinunuliwa kwa zaidi ya dola 40,000. Mchezo uliotengenezwa ili watu watoke jasho ulipata bei hiyo kwa sababu hapana mtu aliyepata kuucheza.

Mwaka wa 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilileta katika kumbi za michezo mtambo ulioitwa Dance Dance Revolution. Muziki ulilia, mishale ikapanda kiooni, na mchezaji akatakiwa kukanyaga mshale wa namna ile ile chini ya miguu yake, mbele, nyuma, kushoto au kulia, sawasawa na mdundo. Mwaka uliofuata ulitoka mchezo wa nyumbani, wa kuchezwa kwa PlayStation. Ule mkeka wa zamani ulikuwa umerudi, lakini ulirudi na ngoma. Msomaji aliyepata kusimama karibu na isukuti ikilia hana haja ya kuelezwa tofauti iliyopo kati ya kuamriwa kukimbia mahali pamoja na kupigiwa ngoma. Hila nazo zilipungua, maana aliyeupiga mkeka kwa mikono aliikosa raha yenyewe. Ijapokuwa katika kumbi walikuwako walioshika chuma kilicho nyuma yao ili kuipunguzia miguu uzito wa mwili.

Serikali za nchi si wepesi wa kuutazama mchezo wa watoto kwa makini, lakini huu ulitazamwa. West Virginia ni jimbo la Marekani lenye milima na migodi ya makaa ya mawe, nalo kwa miaka mingi limehesabiwa miongoni mwa majimbo yenye watu wengi wa unene wa kupita kiasi. Watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo waliwapa watoto wanene mchezo huo wautumie nyumbani, na mnamo Januari 2006 ilitangazwa kwamba utapelekwa katika shule zote za umma za jimbo, 765 kwa idadi. Sababu moja iliyotolewa yanigusa mimi niliye mwalimu. Katika somo la michezo yuko daima mtoto anayechaguliwa wa mwisho wakati timu zinapogawanywa, na akichaguliwa huwekwa pembeni. Mtoto huyo aliweza kucheza juu ya mkeka bila kungoja kuchaguliwa na mtu.

Je, alidumu? Mwaka wa 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio jingine la Marekani, ambayo mimi huwasomea wanafunzi wangu wa ualimu kila mwaka. Watoto na vijana 30 wenye uzito uliozidi walipewa mchezo huo huo majumbani mwao. Katika miezi 3 ya kwanza, 12 kati yao waliucheza angalau mara 2 kwa juma. Katika miezi 3 iliyofuata, waliobaki na desturi hiyo walikuwa 2. Mkeka haukuharibika wala muziki haukunyamaza. Walichoka nao, kama mtu anavyochoshwa na wimbo alioupenda.

Sasa twafika mwaka wa 2006, ambapo habari hizi zilitoka katika vyumba vya watoto zikaingia sebuleni kwa watu wote. Novemba ya mwaka huo Nintendo ilitoa mtambo wa Wii. Badala ya kishikio chenye vitufe vingi, mchezaji alipewa kijiti mfano wa rimoti ya televisheni, kilichohisi mwendo wa mkono. Katika nchi nyingi mtambo uliuzwa pamoja na mchezo wa Wii Sports, wenye tenisi, besiboli, gofu, ndondi na bolingi, yaani kuviringisha tufe zito ili kuangusha vigingi. Mababu na wajukuu walisimama pamoja mbele ya kioo wakipunga hewa. Mitambo ya Wii iliyouzwa ilipita milioni 100.

Mwanahistoria hutafuta ushahidi popote, nami naupenda ushahidi wa kigwe. Kila rimoti ilikuwa na kigwe cha kuvaa katika kifundo cha mkono. Watu walirusha mikono kwa nguvu kiasi kwamba vigwe vilikatika, rimoti zikaruka, nyingine zikaipiga televisheni yenyewe. Desemba 2006, mtambo ukiwa haujatimiza hata miezi 2, Nintendo ilitangaza kwamba itawabadilishia watu vigwe vipatavyo milioni 3.2. Hapana shaka, basi, kwamba katika majuma yale ya kwanza watu walicheza kwa mwili wote. Lakini mpinzani wetu alikuwa hajafa. Haukupita muda mrefu watu wakagundua kwamba rimoti haipimi bega wala goti. Mtu aliweza kuketi kochini, akatikisa kifundo cha mkono kama afukuzaye nzi, na mpira wa tenisi ukavuka wavu kwa kasi ile ile. Tenisi ilikuwa imerudi ilikoanzia mwaka wa 1958.

Shigeru Miyamoto, mbunifu mashuhuri wa Nintendo, alijaribu njia nyingine. Alikuwa na mazoea ya kujipima uzito nyumbani na kuuandika, na aliona kwamba jambo hilo dogo lilizungumzwa na jamaa zake kwa furaha. Akafikiri kwamba mizani yenyewe yaweza kuwa mchezo. Alisema pia kwamba wazo la kupima uzito kwa miguu miwili mbalimbali lilitokana na wapiganaji mieleka wa sumo, ambao kwa ukubwa wao huhitaji mizani mbili kwa pamoja. Desemba 2007 ukatoka Japani mchezo wa Wii Fit pamoja na ubao wake mweupe, wenye pembe nne zinazohisi uzito. Mtu alisimama juu yake kwa mguu mmoja, akapinda, akaruka, na ubao ukamwambia anaegemea wapi. Ulimwambia pia uzito wake ukilinganishwa na kimo chake. Kwa mtu mzima hilo ni jambo la kuvumilika. Lakini mwezi wa Mei 2008, huko Uingereza, mtoto wa kike wa miaka 10 aliambiwa na ubao kwamba yeye ni mnene, wazazi wake wakalalamika hadharani, na Nintendo ikaomba radhi. Hesabu ile ilikuwa imetungwa kwa ajili ya watu wazima, na mtoto hupimwa kwa kipimo chake. Mwalimu wa kweli angaliutazama uso wa mtoto kabla ya kusema. Ubao ulitazama nyayo tu.

Wauzaji walisema mengi katika miaka hiyo, na magazeti yakayarudia. Kijana anayesoma historia yampasa aulize: ni nani aliyepima, aliwapima akina nani, na kwa muda gani? Desemba 2007 jarida la madaktari la British Medical Journal lilichapisha vipimo vya watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores. Waliwapima vijana 11 wa miaka 13 hadi 15, yaani wa umri wa wengi wenu. Vijana walipocheza Wii, miili yao ilitumia nguvu zaidi kuliko walipocheza mchezo wa kuketi, angalau kwa asilimia 51. Lakini nguvu hizo hazikufikia zile zinazotumiwa katika tenisi au ndondi za kweli, wala hazikutosha kuhesabiwa katika mazoezi yanayompasa kijana kila siku. Matokeo hayo yana sehemu mbili. Mwenye duka aliisoma ya kwanza kwa sauti. Mzazi mwenye hasira aliisoma ya pili. Wote wawili walisema kweli, na wote wawili walificha nusu.

Vijana wale, hata hivyo, walichezea mbele ya watafiti, na mtu aliyetazamwa hafanani na mtu aliye peke yake. Jaribio lililochapishwa mwaka wa 2012 na watafiti wa Houston, Marekani, lilikwenda mbali zaidi. Watoto wa miaka 9 hadi 12 walipewa mitambo ya Wii waende nayo nyumbani. Nusu yao walipewa michezo ya kutikisa mwili, nusu nyingine michezo ya kuketi. Na katika muda wa majuma 13 walivaa, kwa vipindi, chombo kidogo kiunoni cha kupima mwendo wa mwili. Mwishowe hapakuonekana tofauti yoyote kati ya makundi mawili. Labda watoto walicheza kwa kifundo cha mkono, kama tulivyoona. Labda pia walicheza kwa bidii saa ya kucheza, kisha wakapumzika zaidi katika saa zilizobaki, maana mwili nao una daftari lake la mapato na matumizi. Jambo moja ni dhahiri: kumpa mtoto mchezo wa kumtoa jasho si sawa na kumtoa jasho.

Kuhusu Kinect ya Microsoft, iliyotoka Novemba 2010, sina maneno mengi. Ilikuwa kamera iliyomtazama mchezaji mwili mzima, hata asishike kitu mkononi; hapa hatimaye mtambo ulipata macho. Katika siku 60 za kwanza ziliuzwa Kinect milioni 8. Lakini ilihitaji nafasi kubwa mbele ya televisheni, na watengenezaji wa michezo wakaiacha mmoja mmoja, na mwaka wa 2017 ikaacha kutengenezwa.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna muuzaji aliyelipanga. Oktoba 2019 Nintendo ilitoa Ring Fit Adventure, mchezo wa safari na mapambano unaochezwa kwa pete kubwa kama usukani wa gari, ya kubanwa na kuvutwa kwa mikono, pamoja na ukanda wa kufungwa pajani. Katika kioo kuna joka lenye misuli. Kulishinda kwahitaji kuchuchumaa na kusimama mara nyingi, na pete huihisi nguvu ya mikono, si mtikisiko tu. Wahandisi walikuwa wamejifunza kwa miaka 30 ya hila. Miezi michache baadaye ugonjwa wa korona ulienea ulimwenguni, watu wakafungiwa majumbani, na pete zile zikaadimika madukani hata zikauzwa kwa bei ya kulanguliwa.

Kwetu Kenya amri ya kufunga shule ilitangazwa tarehe 15 Machi 2020, na tarehe 27 ya mwezi huo ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Wakati huo nilikuwa nikikaa katika ghorofa ya tatu ya nyumba ya kupanga. Jirani yangu alikuwa na watoto wawili na mtambo wa zamani aliouletewa na shemeji yake kutoka ng'ambo, pamoja na mchezo wa kucheza ngoma juu ya mkeka. Kila siku saa kumi na moja jioni watoto wale waliruka. Chini yao alikaa bibi mmoja mzee, na kila siku ilipofika saa kumi na moja na robo aliigonga dari kwa mpini wa ufagio. Siku moja nilikutana naye ngazini nikamwamkia.

“Marahaba, mwalimu,” akaniambia. “Nyumba hii ni ya mawe, lakini kichwa changu si cha mawe.”

“Utuwie radhi, nyanya,” nikasema, ingawa watoto hawakuwa wangu. “Tutawahamishia juu.”

Tukawahamishia juu ya paa, kwenye kamba za kuanikia nguo. Mtambo haukuweza kupanda huko, basi mama yao akawanunulia kamba ya kuruka. Niliposoma baadaye kwamba Ring Fit ina namna ya kuchezwa kimya, ambayo mchezaji hupinda magoti badala ya kukimbia ili asiwasumbue walio chini, nilijua kwamba hata Japani kuna bibi mwenye ufagio.

Lakini nyumba yenye mtambo, televisheni, umeme usiokatika na nafasi ya kurusha mikono si nyumba ya kila Mkenya. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri kijana wa miaka 5 hadi 17 apate, kwa wastani, dakika 60 za mazoezi kila siku, na dakika hizo wengi wetu twazipata njiani kwenda shule na katika uwanja wake. Uwanja wenyewe nao una historia yake. Januari 2015 wanafunzi wa shule moja ya msingi huko Lang'ata, Nairobi, walitoka kutetea uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta, na polisi wakawatupia mabomu ya machozi. Mimi husema kwamba mchezo wa video wa mazoezi ni dawa ya mtu aliyekosa uwanja. Mwenye uwanja akiuachilia ukachukuliwa, asidhani kwamba pete itauziba upungufu huo.

Baiskeli isiyokwenda popote, ile iliyowashinda Atari, nayo ilirudi. Siku hizi mpanda baiskeli huifunga baiskeli yake katika chombo kinachopima nguvu za miguu, akashindana kwa mtandao na watu walio nchi nyingine, kila mmoja yu nyumbani kwake. Tarehe 9 Desemba 2020 yalifanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya namna hiyo. Upande wa wanawake alishinda Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini, na upande wa wanaume Jason Osborne wa Ujerumani. Hapa mguu usiosukuma hausongi mbele. Hata hivyo, mwaka mmoja kabla ya hapo bingwa mmoja wa Uingereza alinyang'anywa taji lake, akatozwa faini na kufungiwa miezi 6, kwa kuwa baiskeli ya thamani aliyoitumia ndani ya mchezo aliipata kwa programu iliyoendesha badala yake. Msomaji amemtambua mpinzani wetu, ijapokuwa sasa amevaa mavazi mapya.

Ule ubao mweupe wa Wii Fit umekwisha kusahauliwa chini ya vitanda vingi. Lakini haukufa kila mahali. Mwaka wa 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walichapisha matokeo ya kuulinganisha na mtambo wa maabara wa kupimia uthabiti wa mtu aliyesimama, mtambo wa bei kubwa mara nyingi zaidi, wakaona kwamba ubao wa dukani wapima vizuri. Wataalamu wa viungo wakautumia kwa wagonjwa wanaojifunza upya kusimama. Rimoti nayo ilipelekwa hospitalini kwa watu waliopatwa na kiharusi. Na jaribio kubwa lililochapishwa mwaka wa 2016 likaonyesha kwamba wagonjwa waliocheza Wii walipata nafuu sawa na wale waliocheza karata au kurushiana mpira. Hiyo ni habari ya kumshusha muuzaji, lakini si habari mbaya kwa mgonjwa.

Na katika nyumba za kutunzia wazee, Marekani na Uingereza, kulizuka mashindano ya bolingi ya Wii. Mzee aliye katika kiti cha magurudumu hawezi kuliinua tufe la kweli, ambalo aghalabu lina kilo 5 au zaidi. Lakini aweza kuuinua mkono mpaka kifuani na kukitikisa kifundo. Hila ile iliyomwibia kijana wa kochini mazoezi yake ndiyo mazoezi ya mzee huyu kwa siku hiyo. Huvaa kigwe, huinua mkono, huuachilia. Tufe huviringika kiooni, vigingi huanguka, na mwenzake aliye kando hunyoosha mkono kuipokea rimoti.